Swali la Kuuliza Kabla ya Kisu: Kutengenezewa Titi Baada ya Saratani (Sehemu ya 3)

Mama yangu mdogo, mkazi wa Mpwapwa, aliondolewa titi la kushoto akiwa na miaka 43. Alipona. Akarudi shambani kwake, akalima karanga na mtama, akaoza mabinti wawili. Miaka tisa baadaye tulikuwa tumekaa barazani tunachambua mlenda, akaniuliza bila kuinua macho: "Hivi mwanangu, ni kweli wapo wanaotengenezewa jingine?" Nikamwambia ni kweli. Akaendelea kuchambua kitambo, kisha akasema, "Basi mimi hakuna aliyeniambia."

Hospitali iliyomtibu iliokoa uhai wake, na ninaishukuru. Lakini jibu lake lilinichoma mimi zaidi kuliko hospitali. Wakati huo nilikuwa nimefundisha wanafunzi wa uuguzi habari za mwili wa binadamu kwa zaidi ya miaka kumi. Nilijua kila msuli wa mgongo na kila mshipa unaoulisha. Nilimsindikiza mama mdogo kliniki mara kadhaa, na hata siku moja sikuligusia jambo hilo. Nilidhani kumtajia titi jipya mtu anayepigania uhai ni kumletea mambo ya anasa. Nilikosea, na makala ya leo ni sehemu ya kulirekebisha kosa hilo.

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu kuokoa maisha: kwanza uvimbe usiouma ambao wengi huupuuza, kisha kisu, dripu za kemo na mionzi. Leo tuko pale ambapo faili la mgonjwa kwa kawaida hufungwa. Nyuzi zimetolewa, kidonda kimepona, mama ameruhusiwa. Ninachodai ni kwamba habari ya kutengenezewa titi inapaswa kumfikia mgonjwa kabla hajapigwa kisu, hata kama atatengenezewa miaka mitano baadaye, hata kama atakataa kabisa. Na sababu zangu si za huruma peke yake. Sababu moja kubwa iko kwapani, nitaifikia.

Kwanza tuelewane kinachotengenezwa. Daktari wa upasuaji rekebishi hurudisha umbo: mwinuko wa kifua, mstari wa kati, uzito unaokaa sawa na upande wa pili. Harudishi maziwa. Mara nyingi harudishi hisia pia. Ngozi hubaki na ganzi, na mwanamke anaweza kuungua na kikombe cha chai au chupa ya maji ya moto bila kujua. Chuchu hutengenezwa baadaye kwa kukunja ngozi kidogo na kuitia rangi kwa chale. Titi linalopatikana hufanana na lile la zamani mtu akiwa amevaa, na hufanana kwa kiasi tu akiwa amevua. Anayemwahidi mgonjwa zaidi ya hapo anamdanganya. Na kwa kuwa wasiwasi huu umeenea: uzoefu wa miongo mingi umeonyesha kwamba kutengeneza titi hakuiamshi saratani. Ugonjwa ukirudi, unarudi kwa sababu zake wenyewe.

Njia ya kwanza ni ya kitu cha kuwekwa. Mwaka 1962 huko Houston, Marekani, madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow waliweka mifuko ya silikoni kwenye matiti ya mwanamke kwa mara ya kwanza. Siku hizi mgonjwa wa saratani mara nyingi huanzia kwenye kifuko kitupu kinachowekwa chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Kila baada ya wiki moja au mbili daktari huchoma sindano na kukijaza maji ya chumvi kidogo kidogo, ngozi ikitanuka taratibu. Ikishatosha, kifuko hutolewa na silikoni ya kudumu huwekwa.

Ninaposema ya kudumu, ninasema hivyo kwa kukosa neno zuri. Silikoni si kitu cha maisha yote. Wengi huhitaji kubadilishiwa baada ya miaka 10 au 20, na mwili unaweza kujenga gamba gumu kuizunguka, hasa pale ngozi ilipopigwa mionzi. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote aina moja ya silikoni zenye uso wa kukwaruza, baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu. Kwa mwanamke wa Kondoa, aliye zaidi ya kilomita 150 kutoka Dodoma mjini, kila sindano ya kujaza maji ni nauli na siku nzima ya kazi, na kila uchunguzi wa baadaye ni hivyo hivyo. Siiti njia hii mbaya. Ninasema inamfaa aliye karibu na daktari wake na atakayeendelea kuwa karibu naye.

Njia ya pili hutumia nyama ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maisha ya mwanamke wa nyanda hizi yanapokutana na anatomia.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Makutupora ataelewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi. Kichala kikiwa bado kwenye kikonyo chake unaweza kukiinua, ukakigeuza, ukakipitisha upande wa pili wa waya, na hakinyauki, kwa sababu maji yanaendelea kupita kwenye kikonyo. Ukikata kikonyo, umeanza kuhesabu saa. Nyama ya mwili iko vivyo hivyo. Daktari anaweza kukata kipande cha ngozi, mafuta na msuli mgongoni, akakiacha kimeshikwa na mishipa yake ya damu tu, akakipitisha chini ya ngozi ya kwapa hadi kifuani. Kipande hicho kinaishi kwa sababu kikonyo chake hakikuguswa.

Msuli unaotumika hapo ni ule mpana wa mgongo, unaoanzia kiunoni ukapanda kujishika kwenye mfupa wa mkono karibu na kwapa. Kazi yake ni kuuvuta mkono chini na nyuma. Sasa mfikirie mwanamke wa Ugogo kwa siku nzima. Akiinua jembe, misuli mingine inafanya kazi. Akilishusha kwenye udongo mgumu wa Bahi, msuli huu ndio unaovuta. Akitwanga uwele, mchi unashuka kwa msuli huu. Akivuta kamba ya kisima, ni huu tena. Akicheza muheme, ngoma ikiwa katikati ya mapaja na mikono ikipiga, ni huu huu. Vitabu vya kigeni huandika kwamba baada ya upasuaji mgonjwa hurudi kwenye shughuli za kawaida ndani ya miezi michache, na misuli mingine ya bega husaidia. Ni kweli. Ila shughuli za kawaida zinazopimwa humo ni kuendesha gari, kufagia, kuogelea. Nguvu ya kuvuta chini hupungua, na anayeishi kwa jembe ataihisi kuliko anayeishi kwa kalamu. Mwalimu wa Area C na mkulima wa Chamwino wanaweza kuwa na saratani ya hatua moja, umri mmoja, kifua kinachofanana, na bado jibu linalowafaa likatofautiana.

Chanzo kingine cha nyama ni tumbo, chini ya kitovu, pale ngozi na mafuta hulegea baada ya uzazi. Mwaka 1982 daktari Carl Hartrampf wa Marekani alieleza namna ya kuipandisha nyama hiyo kifuani ikiwa imeshikwa na msuli mmoja wa tumbo ulionyooka kutoka mbavuni hadi kinenani. Titi linalopatikana ni laini, lina uvuguvugu wa mwili, linanenepa na kukonda na mwenyewe. Gharama yake ni ukuta wa tumbo. Msuli mmoja umeondoka, na ngiri inaweza kutokea. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mwanamke aliyefanyiwa upasuaji huu hapaswi kuinua mzigo wa namna hiyo kwa wiki zisizopungua sita. Katika nyumba ambayo bomba halijafika, nani atateka maji kwa wiki hizo sita? Hilo ni swali la kitabibu kabisa, na ningependa liandikwe kwenye faili kama tunavyoandika presha na sukari.

Baadaye madaktari waligundua namna ya kuuacha msuli mahali pake na kuchukua ngozi na mafuta peke yake. Kikonyo hukatwa, kisha mishipa yake, yenye upana wa milimita 2 au 3, huunganishwa upya na mishipa ya kifuani kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, daktari akiangalia kwa hadubini. Ni kazi ya saa sita, nane, wakati mwingine zaidi, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi. Na kazi haiishii thieta. Usiku ule wa kwanza muuguzi lazima aguse titi jipya kila saa, aangalie kama bado lina joto na rangi yake haijabadilika, kwa sababu damu ikiganda kwenye kiungio lazima timu irudi thieta haraka, la sivyo kipande chote kinakufa. Ndiyo maana nasema hodari wa mkono peke yake hatoshi. Anahitaji muuguzi wa usiku aliyefundishwa na asiyekuwa na wagonjwa 40 peke yake.

Sasa turudi kwapani.

Mwanamke anapoondolewa titi kwa saratani iliyokwisha kusambaa kidogo, daktari huondoa pia tezi za kwapani. Humo humo kwapani, katikati ya mafuta na tezi, hupita mishipa ya damu na neva inayoulisha ule msuli mpana wa mgongo. Ndicho kikonyo nilichokieleza. Daktari anayejua kwamba mgonjwa wake huenda siku moja akataka titi litokane na mgongo atakilinda kikonyo hicho na kuandika kwenye ripoti kwamba kipo kizima. Kikikatwa bila lazima, njia ile inaweza kufungwa, na mgonjwa hatajua kamwe kwamba iliwahi kuwa wazi. Ni hivyo hivyo kwa kovu: mstari wake ukipangwa vizuri na ngozi ikitunzwa kadiri saratani inavyoruhusu, kazi ya mbele huwa nyepesi. Haya huamuliwa asubuhi ya upasuaji wa kwanza. Mgonjwa akiuliza miaka tisa baadaye, mengi yamekwisha kuamuliwa bila yeye.

Je, si afadhali kufanya yote kwa siku moja, titi liondoke na jingine liwekwe? Kwa nchi ambako saratani hugunduliwa mapema, wengi hufanya hivyo. Kwetu hali ni nyingine. Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida huanza na kemo ili uvimbe usinyae, ndipo kisu, kisha mionzi. Mionzi huikaza ngozi na kuipunguzia damu, na silikoni iliyowekwa kabla yake huharibika mara kwa mara. Kwa hiyo kwa wengi wetu kusubiri ni busara: maliza mionzi, pumzika miezi sita hadi mwaka, kisha tengeneza kwa nyama ya mwili. Sina ugomvi na kusubiri. Ninachokataa ni mgonjwa kusubiri bila kujua kwamba kuna anachosubiri.

Ukimya huu una historia, nayo ni ndefu kuliko hospitali zetu. Mwaka 1894 William Halsted wa Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha matokeo ya upasuaji wake mkubwa: titi lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa mkupuo mmoja. Alifundisha kwamba anayefikiria kutengeneza atakuwa na huruma na nyama, ataiacha saratani ndani. Mwaka 1906 huko Pavia, Italia, Iginio Tansini alikwisha eleza namna ya kufunika kifua kwa msuli wa mgongo, njia ile ile niliyoifananisha na kichala. Lakini heshima ya Halsted ilikuwa kubwa mno, na kazi ya Tansini ikasahauliwa hadi miaka ya 1970. Vizazi vitatu vya wanawake vilipita hapo katikati. Nikiwafundisha wanafunzi wangu habari hii huwa nawaomba waangalie ni mara ngapi mwalimu mwenye jina kubwa huwa ndiye anayefunga mlango.

Kwa mgonjwa wa Dodoma leo, milango iko wapi? Kwa miaka mingi aliyeandikiwa mionzi amekuwa akifunga safari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya karne ya 19. Safari hiyo ilikuwa siku nzima kwenye basi, kovu likisuguliwa na mkanda. Tangu Julai 2024 treni ya umeme imeifanya kuwa ya kiasi cha saa nne, na sitaki kulipita jambo hilo haraka: kwa aliyetoka kwenye mionzi, kukaa kwenye kiti kisichoruka ni sehemu ya tiba. Upasuaji rekebishi nao bado uko zaidi Dar es Salaam, na mabingwa wake nchini ni wachache mno. Wanashughulika na watoto walioungua, midomo sungura na majeruhi wa bodaboda kabla hawajamfikia mama wa saratani.

Hapa nyumbani tunayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 pembeni ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Mishipa ya figo ni mipana kuliko ile ya ngozi ya tumbo, kwa hiyo siyo kazi ile ile. Lakini hospitali iliyokwisha jifunza kuunganisha mishipa na kulinda kiungo kipya usiku kucha imekwisha vuka sehemu ngumu ya njia. Kilichobaki ni kusomesha watu wawili au watatu na kuwapa wauguzi. Nauona mpango huo uko karibu kuliko wengi wanavyofikiri.

Kikwazo kingine ni neno. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilipotangaza mwaka 2023 huduma za upasuaji rekebishi pamoja na urembo, mitaani na mitandaoni gumzo lilihamia kwenye makalio na matumbo. Mwanamke aliyepoteza titi kwa saratani hakuonekana katika gumzo hilo. Akaingizwa kapu moja na anayetaka kuongeza umbo, na aibu ya kapu hilo ikamfikia. Neno urembo halidhuru mitaani tu. Bima popote duniani huliogopa, na mara nyingi kinachoitwa urembo hakilipiwi. Marekani ililitatua jambo hili kwa sheria ya mwaka 1998: bima inayolipia kuondoa titi lazima ilipie pia kulitengeneza, kulirekebisha la pili ili yalingane, na titi la bandia kwa asiyetaka upasuaji. Sisi mwaka 2023 Bunge letu, hapa hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wanaopanga kitita cha mafao wako umbali wa bajaji moja kutoka ninapoandika. Ninawaomba waandike kwamba titi lililoondolewa na saratani ni kiungo kilichopotea, kama mguu uliokatwa. Hakuna anayeuita mguu wa bandia urembo.

Baada ya yote haya, wapo wanawake wanaosikiliza kila njia na kusema hapana. Audre Lorde, mshairi wa Marekani, aliondolewa titi mwaka 1978 na akakataa hata kuvaa la bandia. Hakutaka kuficha yaliyompata ili wengine wasisumbuke kumtazama. Uamuzi wa namna hiyo unastahili heshima ile ile. Kifua kilicho bapa si kazi iliyoachwa nusu, na mume, mama mkwe au muuguzi hana ruhusa ya kumsukuma mtu thieta mara ya pili.

Hata hivyo, mwanamke mwenye titi moja zito na upande mtupu hupata shida ya mgongo: bega huvutwa, shingo hukaza. Uzito ndio wa kutafuta, siyo umbo tu. Huko Thika, Kenya, mshonaji aliyepitia saratani mwenyewe hufuma matiti ya uzi na kuwafundisha wenzake. Mtindo huo ulianza kuenea kutoka Marekani mwaka 2011. Ni mepesi, yanafaa wiki za mwanzo kovu likiwa bichi. Likishapona kabisa, kinahitajika kitu kizito zaidi.

Mama mdogo nilimwuliza kama angependa nimtafutie daktari wa kumwona Dar es Salaam. Alifikiri siku mbili, akakataa. Alisema mgongo wake una kazi. Ila aliniomba kitambaa cha pamba. Alishona kifuko cha mviringo, akakijaza uwele uliopepetwa vizuri, akakipeleka dukani kwa jirani kukipima kwenye mizani, akapunguza, akaongeza, hadi kikafika gramu 400 na bega likatulia. Ndani ya sidiria alishona mfuko wa kukishika ili kisipande anapoinama. Kila Jumamosi hukitoa, hukianika juani kwenye ungo ili jasho likauke na wadudu wasiingie, na kila msimu wa mavuno hubadilisha nafaka.

Wiki ijayo: mkono unaovimba baada ya tezi za kwapani kuondolewa, na mazoezi ya kuuzuia.